Msimu wa Tano

Virve aliniletea turubai saba mwezi wa tano,
zimeviringishiwa shuka, zimefungwa kwa kamba ya katani,
akaziegemeza ukutani, nyuso zimeelekea mbao
kama watoto waliokosea.
"Nipimie," alisema. "Fremu nyembamba. Zisibane."

Mimi ni fundi. Najua pembe mraba, najua gundi,
najua msonobari unavyonywea ukikauka.
Picha sizijui. Nageuza, napima, nakata.
Lakini ile ya tatu niliigeuza mara mbili,
nikitafuta juu yake ni wapi.

Chini kijivu.
Juu kijivu chenye homa, manjano kidogo.
Katikati mistari, myembamba, mingi,
mingine imekwanguliwa kwa kisu hadi uzi wa kitambaa ukachungulia,
na chini, kushoto, doa jekundu
lisilozidi ukucha wa kidole gumba.

Kwetu Soomaa mwaka hautoshelezwi na misimu minne.
Upo wa tano,
theluji inapoyeyuka yote kwa pamoja
na mito ikazikana kingo zake.
Maji hayaji kwa kishindo. Huja kama mgeni mwenye adabu:
jioni yanabisha hodi ngazi ya chini,
asubuhi unayakuta jikoni, yameshakaa.
Ndipo tunashusha mtumbwi wa gogo
na barua tunazifuata kwa kasia.

Mwaka huu yalikaa siku kumi na tisa.
Mwanawe alimpigia simu kutoka Tartu, mama ondoka;
Virve akapanda darini na rangi zake.
Kila alfajiri alishuka mpaka ngazi iliyo kavu,
akatazama, akapanda tena, akachora mstari mmoja.
Mmoja tu.
Kesho yake mwingine, juu ya ule wa jana, au chini yake,
maji yalivyopenda.
Miti hakuichora, ingawa ilikuwepo,
imesimama kichwa chini mbele ya dirisha lake,
magome meupe yakitetemeka bila upepo.
Korongo walipopita wakilia
alichukua kisu akakwangua.
Hayo aliniambia mwenyewe, akinywa chai yangu,
kucha zake zina kijivu ambacho sabuni imekishindwa.

Alhamisi akaja Arvet kuchukua mlango wake
uliovimba kwa mafuriko, niliokuwa nimeupiga randa.
Akaiona ile ya tatu mezani.
"Hii umeilaza vibaya," alisema, akaizungusha
kwa mikono ya mtu aliyezoea kugeuza ndama tumboni mwa mama yake.
Akacheka kidogo: "Daraja liko wapi? Nyumba yangu iko wapi?"
Halafu hakucheka.
Akainama. Akavua kofia.
"Punik," alisema.

Ng'ombe wake mwekundu.
Alikata kamba usiku wa sita wa maji.
Arvet alimtafuta siku nne, akiita juu ya malisho yaliyozama,
na kasia lake likigonga nguzo za ua wake mwenyewe.
Sasa kidole chake kilining'inia juu ya lile doa, hakikuligusa.
"Kumbe alikuwa upande ule," alisema. "Mimi nilitafuta huku."
Akabeba mlango mgongoni, akaenda.
Pesa ya randa alisahau kunilipa, nami sikumkumbusha.

Virve aliporudi nilimuuliza.
"Ng'ombe gani?" alisema.
Akaisogelea picha, akaisogea mbali, akafumba jicho moja.
"Kijivu kilikuwa kinasinzia pale. Nikakifinya."
Kisha akanyamaza kitambo, akauliza:
"Usiku wa sita, ulisema?"
Akaanza kuhesabu mistari kutoka chini, midomo ikimtikisika,
akaacha kabla ya kufika.

Arvet bado anapita dukani kwangu. Sijamwambia kitu.
Fremu sita nilizikata sawasawa, kama ilivyo desturi ya kazi.
Ile ya tatu, ubao wa chini niliuteremsha upana wa kidole
ili mbao isiguse wekundu,
pawe na mahali, tuseme, pa kukanyaga.